Kinyago Hiki Amekichonga Nani?

Wahenga walinena kuwa kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi. Kila mwalimu wa Kiswahili ameifundisha methali hii, na kila mwanafunzi ameieleza katika mtihani: mtu haogopi kitu alichokiumba kwa mikono yake. Lakini wahenga hawakutuambia la kufanya na kinyago alichokichonga mtu mwingine, tukakinunua jioni kwa bei ya kutupa, kisha tukakiita chetu. Hilo ndilo swali nililorudi nalo nyumbani juma lililopita kutoka sokoni, na sijaweza kulala nalo bila kuwashirikisha wasomaji, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wetu.

Nilikuwa Bahati, katika kituo cha Maili Sita, kwenye barabara itokayo Nakuru kuelekea Nyahururu. Jua linapoteremka nyuma ya Menengai, mahali hapa hubadilika sura. Wafanyakazi washukao kutoka matatu za mjini hupita katikati ya mafungu ya viazi, sukumawiki, mitumba na viatu, na wachuuzi huwasha taa zao ndogo za betri kabla giza halijatanda. Pembeni, juu ya gunia lililokunjuliwa, kijana mmoja alikuwa amepanga miiko, vinu vidogo, vigoda, na safu ya wanyama wa mti: twiga, ndovu, simba na vifaru.

Nilikuwa nimekwenda kutafuta zawadi. Mhadhiri mwenzangu kutoka Thailand, tuliyekutana katika kongamano la isimu, aliwahi kunitunukia ndovu mdogo wa mti wa msaji. Ndovu huyo ana urefu wa kidole cha shahada, lakini chini ya miguu yake pamebandikwa kikaratasi chenye mambo matatu: jina la aliyemchonga, jina la kijiji chake, na jina la mti. Sasa mwenzangu huyo anakuja Kenya, nami nilitaka kulipa ndovu kwa kifaru, maadamu mgeni wa Nakuru hawezi kurudi kwao bila habari za vifaru wa ziwani.

"Karibu, mzee. Kuangalia ni bure," kijana akanilaki.

Nilimshika kifaru mmoja mweusi wa kung'aa, nikauliza ni wa mti gani.

"Huyo ni eboni, mzee. Eboni halisi."

"Yaani mpingo?"

"Mpingo siujui, mzee. Hii ni eboni."

Nilikuwa bado nalitafakari jibu hilo wakati mama aliyekuwa akiuza mboga karibu nasi alipoingilia kati. Sijui alijuaje kazi yangu. "Mwalimu," akasema, "hebu lowesha kidole, usugue hapo chini ya tumbo." Nikalowesha, nikasugua. Kidole kikawa cheusi tititi. Ilikuwa rangi ya viatu. Mama akacheka, akasema kuwa marehemu mumewe alikuwa seremala, na kwamba kama kifaru yule angekuwa wa mpingo, mkono wangu ungeujua uzito wake kabla ya jicho. "Huo ni mjakaranda," akahukumu, akaendelea kukata sukumawiki zake.

Kijana hakukasirika. Aliinamisha macho, kisha akanijibu kwa sauti ya chini maneno ambayo yananiwasha hadi leo: "Mzee, nikisema ni jakaranda, nani atanunua?"

Kabla sijapata jibu, akafika mama mwingine, mwenye haraka, simu mkononi ikimulika mbele yake. Alitaka twiga mdogo ambaye hajapakwa rangi. Mwanawe, alisema, alitakiwa kupeleka shuleni asubuhi kinyago alichokichonga mwenyewe, na mtoto amelikumbuka jambo hilo akiwa tayari amevua viatu. "Wa gredi ngapi, mama?" kijana akauliza. "Wa tano." Kijana akatia mkono katika mfuko wa chini, akatoa twiga wawili. "Chukua huyu aliyepinda shingo. Huyu mwingine ni mzuri mno, mwalimu atashuku."

Msomaji anaweza kucheka, na mimi nilicheka. Lakini nilipokuwa nikirudi mjini niliona kuwa matukio yale mawili, la eboni ya rangi ya viatu na la twiga wa gredi ya tano, ni tukio moja. Katika yote mawili kinyago kilinunuliwa baada ya kufutiwa ukweli wake. Katika la kwanza ulifutwa mti. Katika la pili alifutwa mchongaji. Na katika yote mawili aliyetaka ukweli huo ufutwe hakuwa muuzaji. Alikuwa mnunuzi.

Hii ndiyo hoja yangu. Tumezoea kuwalaumu wachuuzi kwa udanganyifu wao, lakini soko hufundishwa na wateja. Mteja asiyeuliza kitu kimetengenezwa na nani, wapi, na kwa mti gani, humfundisha muuzaji kwamba majibu ya maswali hayo hayana thamani. Jambo lisilo na thamani sokoni halikawii kusahauliwa nyumbani, na likisahauliwa nyumbani, shule haitaweza kulifufua kwa kazi ya ziada ya siku moja.

Niruhusiwe kuanza na maneno, kwa kuwa hayo ndiyo yanipayo riziki. Kiswahili kina maneno mawili makuu ya kazi hii. Moja ni sanamu, lililotokana na Kiarabu, ambako lilikuwa na maana ya mungu wa kuchongwa. La pili ni kinyago, neno la Kibantu lililo ndugu ya unyago, yaani mafunzo ya jandoni na ya wari, ambako vifaa vya kuchongwa na vya kufinyangwa vilitumika kuwafunza vijana mambo ya utu uzima. Kwa hiyo maneno yote mawili yanatuonyesha kitu chenye kazi: kimoja cha ibada, kingine cha elimu. Juu ya vibanda vya barabarani, hata hivyo, kuanzia Mlima wa Mai Mahiu hadi kwenye alama ya Ikweta karibu na Nyahururu, halikuandikwa lolote kati ya hayo. Limeandikwa neno la Kiingereza, "curio", ambalo maana yake ni kitu cha kushangaza, cha kutazamwa na mpita njia. Tulipolikubali neno hilo tulikubali pia kwamba kitu hiki si cha kwetu kukielewa. Ni cha mgeni kukistaajabia.

Nalo lile tendo lenyewe, kuchonga, li hai mno vinywani mwetu. Mwanafunzi huchonga penseli kabla ya kuandika. Fundi huchonga mpini wa jembe. Vijana wa mijini nao wametunga neno mchongoano, yale mashindano ya kurushiana vijembe vya mzaha, ambamo anayerudia kijembe kilichokwisha kusikika huzomewa na wenzake. Tazama basi: hata watoto wetu wakiwa mtaani wanajua kwamba sifa ya kuchonga ni ya aliyechonga. Ni sisi watu wazima tuliolisahau hilo tulipofika kwenye mti.

Historia ya vinyago vya Kenya inatupa ushahidi wa namna jina la mchongaji linavyoweza kuhifadhiwa au kupotea. Simulizi inayojulikana sana Ukambani humtaja Mutisya wa Munge wa Wamunyu, katika Kaunti ya Machakos ya leo. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa Tanganyika katika jeshi la wapagazi, lile lililoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Huko aliwaona wachongaji wa pwani ya Tanganyika wakifanya kazi yao, akajifunza, na aliporudi kwao vita vilipokwisha akaanza kuchonga, akawafunza jamaa na majirani. Kutokana na mbegu hiyo, Wakamba wakawa wachongaji mashuhuri kuliko wote nchini, na mwaka 1963 wakaunda chama chao cha ushirika huko Changamwe, Mombasa. Faida kubwa ya ushirika wa namna hiyo ni kwamba kazi huingia dukani ikijulikana ni ya mwanachama gani, ndipo malipo yaweze kumfikia mwenyewe.

Wapagazi wale walikufa kwa maelfu, kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Lakini lugha iliwahifadhi. Jina la jeshi lao lilitamkwa kwa ulimi wa Kiafrika, likawa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi. Leo yote mawili ni masoko, na katika lile la Nairobi mtu hununua vyondo, viatu vya ngozi na kazi nyingine za mikono. Nani kati yetu, akibishana bei pale Kariokor, hukumbuka kwamba anasimama juu ya jina la watu waliobeba mizigo ya vita visivyo vyao, na kwamba mmoja wao alirudi na ufundi mkononi?

Wamakonde nao wana kisa kizito zaidi. Vinyago vyao vya mpingo vimefika katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Asia, na baadhi ya mitindo yao hujulikana huko kwa majina ya Kiswahili: ujamaa, ule mnara wa watu waliopandana na kushikana, na shetani, yale maumbo ya ajabu yenye jicho moja au mguu mmoja. Mtindo huo wa shetani hunasibishwa na mchongaji Samaki Likankoa, aliyeuanzisha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Jina lake tunalijua kwa sababu kulikuwa na watu waliouliza na kuandika. Wenziwe wengi waliuza kwa mafungu, wakasahaulika.

Hapa kwetu Kenya, Wamakonde walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa waliishi Kwale kwa miongo mingi bila vitambulisho. Vinyago vyao viliuzwa kwa watalii, vikafungwa vizuri, vikasafiri kwa ndege kupita mipaka yote, ilhali mikono iliyovichonga haikuweza hata kufungua akaunti ya benki. Ilibidi mwezi Oktoba 2016 watembee kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, ndipo mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Sidhani kuna mfano ulio wazi zaidi wa hatari ninayoizungumzia. Jamii ikizoea kukipenda kitu bila kuuliza aliyekitengeneza, inaweza kufika mahali pa kukithamini kinyago kuliko mtu.

Turudi sasa kwenye mti wenyewe. Wanunuzi walipenda mpingo kwa weusi wake na muhuhu kwa ugumu na harufu yake, na miti hiyo yote miwili hukua polepole mno. Mpingo mmoja huhitaji umri wa mtu mzima kizazi kizima, na zaidi, kabla haujafaa kuchongwa. Matokeo yake yanajulikana: misitu ikapungukiwa, na kuanzia miaka ya 1990 watetezi wa mazingira wakawahimiza wachongaji wageukie miti inayopandwa mashambani, kama mwembe, mjakaranda na mwarobaini. Mwarobaini ulitoka Bara Hindi, tukaupa jina la Kiswahili kwa kuamini kuwa hutibu maradhi arobaini. Mjakaranda ulitoka Amerika ya Kusini, ukapandwa kando ya barabara zetu. Wakazi wa Nakuru wanayajua maua yake ya zambarau yanapotandika njia. Mchongaji wa mjakaranda, akiukausha vizuri usipasuke, amefanya jambo la busara: ametumia mti unaokua upesi, akauacha mpingo usimame. Alistahili kusifiwa. Badala yake tunamlazimisha auvike mti wake rangi ya viatu na kuuita jina la mwingine.

Wathai walikutana na tatizo kama hili kabla yetu. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1988, ambayo wengi waliyahusisha na ukataji wa miti milimani, serikali yao ilipiga marufuku mwezi Januari 1989 ukataji wa miti kibiashara katika misitu ya asili. Msaji uliokuwa fahari ya wachongaji wa kaskazini ukawa adimu. Wachongaji wa Ban Tawai, kijiji kilicho karibu na Chiang Mai, hawakuweka patasi chini. Waligeukia mbao kuukuu zilizotoka katika nyumba zilizobomolewa, na miti mingine kama mwembe. Mji huo wa Chiang Mai, maarufu kwa masoko yake ya jioni, uliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya miji ya ubunifu kwa ajili ya kazi za mikono na sanaa za jadi. Sisemi kwamba sokoni kwao hakuna ulaghai. Soko ni soko popote. Nasema kwamba ndovu wangu amekuja na kikaratasi, na kifaru wangu alikuja na rangi ya viatu.

Sisi nasi tulipiga marufuku ukataji wa miti mwezi Februari 2018, na Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuiondoa marufuku hiyo. Wakazi wa Bahati, walio mpakani mwa msitu, waliuona mjadala huo kwa macho yao. Lakini ni wangapi kati ya watoto wao wanaoweza kuitaja kwa jina miti mitano ya msitu huo? Nachukua mfano mmoja tu. Ule mwerezi wa nguzo za ua, ambao mzee yeyote wa hapa anaujua, Wakikuyu huuita mutarakwa, Wakalenjin tarakwet, na Wamaasai oltarakwai. Jina ni moja, limevaa nguo tatu. Nani alimwazima nani si hoja ya leo. Hoja ni kwamba majirani hawa waliishi pamoja muda mrefu, wakafanya kazi pamoja, hata wakagawana jina la mti. Sisi tulioyaona mambo ya Nakuru mwanzoni mwa mwaka 2008, majirani walipofukuzana na kuchomeana nyumba, tunajua thamani ya ushahidi wa namna hiyo. Kijana asiyejua majina ya miti amekosa zaidi ya msamiati. Amekosa kumbukumbu ya ujirani.

Sasa niwageukie walimu, na nitasema kwa unyenyekevu, kwani nami ni mmoja wao. Mimi ni zao la mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Tulipofika darasa la saba tulitakiwa kuchonga mwiko kwa somo la Sanaa na Ufundi. Mwiko wangu ulikuwa mnene kama rungu, na kovu la panga lingalipo katika kidole gumba changu cha kushoto. Mwenzetu mmoja alileta mwiko laini ajabu. Mwalimu hakumchapa. Alimpa panga na kipande cha mti, akamwambia, "Tuonyeshe ulivyoanza." Mwenzetu alilishika panga kama mtu anayeshika nyoka. Siku ile tulielewa kwa nini neno moja, mwiko, lina maana ya kijiko cha kusongea ugali na pia ya jambo lililokatazwa: kununua mwiko ilikuwa mwiko.

Somo hilo liliondolewa katika mtihani wa KCPE mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kama ilivyo desturi yetu, jambo lisilotahiniwa halikufundishwa. Kizazi kizima kikapita bila kushika patasi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umerudisha kazi za mikono darasani, na hilo ni jambo la kheri. Lakini wazazi wa watoto hawa ndio kizazi kile kilichorukwa. Mama yule wa Maili Sita hakufundishwa kuchonga, amfundishe nani? Alirudi kutoka kazini jioni, akakuta agizo, akafanya alichoweza: akanunua. Na mwalimu aliye na watoto sitini darasani atampokea twiga yule, atampa alama, na atajua moyoni kwamba anamtahini mchongaji asiyemjua.

Asidhani msomaji kwamba sisi wa vyuo vikuu tunastahili kunyoosha kidole. Kwetu twiga huja katika umbo la tasnifu. Isitoshe, ni siri iliyo wazi kuwa baadhi ya vijana wetu werevu kabisa huketi usiku kucha mbele ya kompyuta wakiandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Insha hupata alama ya juu, huwekewa jina la mwingine, na mwandishi wake hubaki hapa bila shahada ya maana wala sifa. Kijana huyo ana tofauti gani na mchongaji ambaye kazi yake imefika Ulaya bila jina lake? Tumekuwa taifa la kuchonga vinyago vya watu wengine. Nasi hatuwezi kulalamika kwamba wageni wanalifuta jina letu ikiwa tunawafunza watoto wetu, tangu gredi ya tano, kufuta jina la mwenzao.

Najua pingamizi litakalotolewa. Kijana wa soko ana njaa, atasema mtu. Je, atakula jina la mti? Nakubali kwamba njaa haisubiri isimu. Lakini hebu tufikiri. Kifaru wa eboni ya uongo anaweza kuuzwa mara moja tu kwa mtu mmoja. Kidole kikishageuka cheusi, mteja harudi, na huwaonya wengine. Kifaru wa mjakaranda wa kweli, aliyechongwa na mtu anayejulikana, ana mteja leo na kesho. Uaminifu unaweza kuwa bidhaa kama tutakubali kuulipia. Mtu mwingine atasema kwamba walimu wamelemewa, na hilo pia ni kweli. Ndiyo maana sipendekezi somo jipya wala mtihani mpya.

Napendekeza maswali matatu. Mtoto akileta kinyago, mwiko au kikapu darasani, mwalimu asimuulize kwanza kama kinapendeza. Amuulize: ni cha nini, ni cha mti gani, na amekichonga nani? Kama jibu la swali la tatu ni "nimenunua kwa mtu", basi mtoto asiadhibiwe. Arudi sokoni jioni, amsalimie muuzaji, amuulize mchongaji ni nani, na aandike aya moja ya Kiswahili kuhusu alichoambiwa. Hapo atakuwa amefanya kazi ya sanaa, ya lugha na ya uraia kwa pamoja. Nao walimu wakuu wakumbuke kuwa katika vijiji vingi yupo mzee anayechonga vigoda au mipini ya majembe. Kumwalika saa moja kwa muhula, akaketi chini ya mti na watoto wakamwona anavyoshika tezo, hakuhitaji waraka kutoka wizarani.

Sisi wanunuzi nasi tuna kazi yetu. Tujizoeze kuuliza hata tusiponunua. Wachuuzi wakiulizwa kila jioni na watu kumi jina la mti na la mchongaji, katika mwezi mmoja watakuwa wamejifunza kuyajibu.

Je, nilimnunua kifaru? Nilimnunua. Kabla ya kulipa nilimwomba kijana ampigie simu aliyemuuzia. Akampigia, wakazungumza kwa muda, na kijana akaanza kutabasamu, kwa kuwa aliyekuwa upande wa pili hakuamini kwamba kuna mtu anayemuulizia. Tulipata jina lake, na jina la kijiji chake. Jina hilo silitaji gazetini kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Nililipa bei niliyoambiwa, sikubishana. Kisha nikaazima kitambaa kwa mama wa mboga, tukamfuta kifaru rangi ya viatu, na chini yake ukajitokeza mti wa rangi ya maziwa, wenye mistari hafifu, mzuri kuliko nilivyodhani.

Usiku ule nilikata kikaratasi, nikaandika kwa Kiswahili mambo matatu, nikakibandika chini ya miguu ya kifaru. Mgeni wangu hajui Kiswahili. Itambidi aulize.